Kinanda Kinachosubiri

Najua kamati inakutana baada ya ibada kuzungumzia kinanda kipya. Msiwe na wasiwasi, sitaingilia kikao chenu. Mimi nina mfano tu wa kuwapa, na mtu ukimgusa, basi umemgusa.

Palikuwa na mpiga kinanda mmoja katika ushirika wa huko milimani, kule ambako watu wanakuja kanisani viatu wameshika mkononi kwa sababu ya matope. Tumwite Ambokile. Kinanda chake kilikuwa cha aina hii ya siku hizi, mnaijua: mkono wa kushoto unabonyeza, na ngoma, besi na gitaa vinaingia vyenyewe, utadhani bendi nzima imejificha humo ndani. Ambokile alikipenda mno. Alikuwa anakifunika kwa kitenge cha mkewe, na mkewe alikwisha kata tamaa ya kukidai.

Sasa, katika ushirika ule wimbo haukuanzia kwenye kinanda. Ulianzia kwenye mabenchi. Mtu anausikia wimbo moyoni, anauanzisha, wenzake wanaupokea, na mpiga kinanda anamtafuta kwa vitufe vya kupandisha na kushusha ufunguo wa sauti mpaka ampate alipo. Na mwanzishaji wao mkubwa alikuwa mama mmoja mzee, Bibi Tusekile, mjane, aliyekaa mbele upande wa kina mama. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini akianza, hata wanaume waliokuwa wanapiga soga nje walizima sigara wakaingia. Nyie wa nje mnacheka, eeh? Nawaona.

Shida ilikuwa moja tu. Bibi Tusekile alikuwa anavuta. Mwisho wa kila mstari analishika lile neno la mwisho, analivuta, anavuta tu, kisha ndipo anaendelea. Watu walikwisha mzoea, wanavuta naye. Kinanda hakikumzoea. Ngoma ziko mbele, bibi yuko nyuma, na Ambokile katikati jasho linamtoka. Jumapili moja walikuja wageni kutoka mjini, na kwaya yao iliyoshonewa sare. Wimbo ukavurugika mbele yao, na mmoja wao akaziba mdomo kwa kiganja ili asionekane anacheka. Ambokile alimwona. Iliuma jamani, na ni nani kati yetu isingemuuma?

Baada ya ibada alimfuata yule mama, akamwamkia kwa adabu zote, akasema, "Bibi, naomba kuanzia wiki ijayo usianzishe tena. Kinanda kitaanza, halafu nyote mtafuata."

Bibi Tusekile akamtazama kidogo. "Haya, baba," akasema. "Wewe ndiye unayejua."

Basi kinanda kikawa kinaanza. Kila kitu kikawa kinakwenda sawasawa, ngoma hapa, besi pale, wimbo unaanza na unakwisha kwa wakati wake. Lakini uimbaji ukapoa. Watu walikuwa wanaimba kama wanaomsindikiza mtu wasiyemjua. Bibi Tusekile kwanza aliacha kuanzisha, baadaye akaacha kuimba kabisa, na mwisho akahamia benchi la nyuma karibu na mlango. Wazee wa kanisa wakamwuliza Ambokile kulikoni.

Unadhani alimfikiria bibi? Wala. Alikifikiria kinanda. Akawaambia wazee kwamba kimechakaa, kuna kibao kinang'ang'ania kila ukikigusa, ngoma zake zinalia kama sufuria, na watu hawawezi kuchangamka kwa chombo cha namna ile. Wazee wakakubaliana naye. Wakamtuma mjini akalinganishe vinanda vipya, awaletee jibu kama wabadilishe au wabaki na kile kile.

Ndugu zangu, alikwenda mjini kama bwana harusi. Dukani alivikuta vimepangwa, vyeusi, vinang'aa, na dada muuzaji mmoja mvumilivu sana. Kimoja kilikuwa na midundo mingi hata huwezi kuimaliza yote. Kingine sauti yake ya ogani ilikuwa nzito, inatetemesha kioo cha dirisha. Cha tatu kilikuwa chepesi, unaweza kukipandisha mlimani begani. Ambokile alivijaribu vyote, akarudia. Akauliza maswali mpaka wateja wengine wakaja wakahudumiwa wakaondoka zao. Hakuweza kuamua.

Yule dada akamwambia njia rahisi ni aimbe wimbo mmoja wa kwao, yeye amtafutie mdundo, na kinanda kitakachoubeba vizuri ndicho hicho. Ambokile akaona ni shauri zuri. Akaimba. Na wimbo uliomjia mdomoni, bila kuchagua, ni ule ambao Bibi Tusekile alikuwa anapenda kuuanzisha. Aliuimba kama alivyousikia tangu akibebwa mgongoni, maana hakujua namna nyingine. Kufika mwisho wa mstari, akavuta.

Ngoma zikamwacha. Wakabadilisha mdundo, zikamwacha. Wakahamia kinanda cha pili, wakahamia cha tatu, kote ni yale yale, yeye anavuta na mashine inakwenda zake.

"Mwalimu," dada akasema taratibu, "wewe unavuta kila mstari."

Na hilo ndilo Ambokile alilotaka kulikomesha kwa bibi. Akauliza, "Kwa hiyo hakuna kinanda kinachoweza kumsubiri mtu?"

"Vyote vinasubiri," akajibu. "Unazima mdundo, unamfuata anayeimba kwa mkono wako. Hata hicho ulicho nacho nyumbani kina hicho kitufe."

Alikijua kile kitufe. Kilikuwa pale pale karibu na kidole gumba, siku zote. Alirudi kwao bila kuchagua kitu, na njia nzima aliona aibu.

Jumamosi akaenda kwa Bibi Tusekile, akamkuta anachambua maharage. Akamwomba radhi. Bibi akaacha kuchambua.

"Mimi sikukukasirikia," akasema. "Nilidhani sauti yangu imekufa, na watu mlikuwa mnanivumilia tu. Hata humu ndani nimeacha kuimba."

Humu ndani, yaani nyumbani kwake, peke yake, mjane. Mnasikia? Ambokile alitaka tu wimbo uende sawa, kumbe amemnyima mama wa watu hata ule wa jikoni kwake. Machozi yakamlenga. Akauliza lile ambalo angepaswa kuuliza mwanzo kabisa, kabla ya vitufe na kabla ya mjini: kwa nini bibi alikuwa anavuta vile?

Bibi akashangaa kwamba kuna mtu asiyejua. "Si namsubiri anayeingia? Watu wanatoka mbali, wanafika wimbo umeshaanza. Navuta mpaka aliye mlangoni apate pa kukaa, ndipo tuende naye. Ukimwacha, atakaa kama mgeni."

Jumapili ilipofika, Ambokile akakifunua kinanda, akazima mdundo, akaweka mikono magotini. Kanisa likanyamaza. Mzee wa kanisa akamkonyeza aanze. Akatikisa kichwa. Watu wakaanza kukohoa, mmoja akageuka kutazama kama umeme umekatika. Ambokile hakujua kama bibi ataanza. Alikuwa amemwomba, na bibi hakuahidi kitu. Akasubiri hivyo hivyo, mpaka kutoka kule nyuma, karibu na mlango, ikaja sauti ya kukwaruza, sauti iliyokaa muda mrefu bila kutumika. Ikaanza. Mwisho wa mstari ikavuta. Na mkono wa Ambokile ukavuta nayo, mpaka baba mmoja aliyekuwa ndio anaingia, viatu mkononi, akapata pa kukaa.

Sasa tugeukie kwetu. Kamati, nunueni kinanda. Sina ugomvi nacho, na hiki chetu kweli kimechoka. Lakini tusikitume kinanda kikafanye kazi tuliyoikataa wenyewe. Sisi ni wepesi sana wa kubadilisha vyombo. Nyumba imepoa, tunanunua televisheni kubwa zaidi. Kikundi cha sala kimepoa, tunashona sare. Na kumbe kuna mtu tulimwambia anyamaze, kwa adabu kabisa, tena kwa nia njema, akahamia benchi la nyuma. Ni nani huyo kwako? Ni mama yako mzazi, ambaye kila akianza hadithi unamwambia ulishaisikia? Ni mke wako, uliyemwambia siku moja mbele ya wageni kwamba hajui? Ni mtoto aliyezoea kukuimbia ukirudi kazini, na sasa haimbi? Wewe unadhani amenuna. Labda anadhani sauti yake imekufa.

Na wewe uliyekaa huko nyuma karibu na mlango, nami nakuona. Mungu hajakwenda zake na ngoma akakuacha. Bado ameushikilia mstari kwa ajili yako. Njoo ukae.

Tusimame wote. Mpiga kinanda wetu, zima mdundo, weka mikono magotini. Mwenye wimbo, popote ulipo, tuanzishie. Tutakusubiri.