Honi Tatu kwenye Kona ya Shuka-Usukume

Hapo zamani, na wala si zamani ya mbali, ni zamani ambayo matope yake bado yapo kwenye viatu vyangu, palikuwa na tajiri wa tangawizi huko milimani Upareni, jina lake Mzee Mbonea. Sogeeni karibu. Mwishoni nitawauliza swali, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Mzee Mbonea alikuwa na pikapu. Ilikuwa kuukuu, mlango mmoja unafungwa kwa kamba ya katani, lakini ilipanda mlima na kushuka mlima kwa miaka ishirini bila kumwaibisha mwenyewe. Sasa Mzee akataka kujipongeza. Alikuwa amesikia habari za gari jipya la kifahari, jeusi, la silinda nane, linalokimbia kama limeibwa na ambalo, wanasema, hata miamba linapanda. Akapiga simu mjini. Kampuni ikamletea gari ili alijaribu, pamoja na muuzaji aliyevaa tai.

Mzee akalizunguka mara tatu, akakuna kichwa.

"Zuri ni zuri," akasema. "Lakini mimi nataka watu watatu wanipimie, kutoka bondeni mpaka uani kwangu. Atakayeniondolea shaka moyoni, nilinunue nisilinunue, pikapu yangu ni yake. Nimesema mbele ya watu."

Mkewe akamkanyaga mguu. Alikuwa amechelewa, neno lilishatoka.

Wa kwanza kujitokeza alikuwa Fundi Senkoro, ambaye hakuna injini milimani mle asiyoijua kikohozi chake. Wa pili alikuwa Mrindoko, dereva wa lori, mtu wa maneno mengi na breki chache. Wa tatu alikuwa Nakiete.

Nakiete nitawaeleza vizuri. Yeye na wanawake wenzake kumi na mmoja walilima tangawizi, na kila msimu walisubiri lori la kukodi ambalo lilikuja likijisikia. Siku hiyo magunia kumi na manne yalikuwa barazani kwake. Asubuhi alipoyakagua aliona ncha za kijani zimetoboa gunia moja. Tangawizi iliyochipua mnunuzi huigeuza mkononi, akairudisha. Nakiete aliitaka pikapu ile kuliko kitu chochote.

"Na huyu mama anapima nini?" muuzaji akauliza.

"Ninapima raha ya abiria," Nakiete akajibu, akaonyesha trei la mayai thelathini. "Hawa wawili watalipima kwa mikono. Mimi nitalipima kwa haya, yakiwa mapajani."

Basi wakaanzia bondeni. Fundi Senkoro akatandika gunia, akaingia chini ya gari, miguu tu ikabaki nje. Alipotoka alikuwa anatabasamu kwa huzuni.

"Injini ni ya kifalme," akasema. "Lakini tairi ni za lami. Wamelivalisha viatu vya harusini. Litapanda vizuri sana mpaka kona ya Shuka-Usukume, na hapo litakwama."

"Litakwama wewe ukiendesha," Mrindoko akasema, akashika usukani, na wengine wakapanda.

Kwenye barabara tambarare akakanyaga mafuta. Jamani! Mikonge ikawa mstari mmoja wa kijani. Muuzaji akapiga makofi. Nakiete akakumbatia trei lake, akayatazama mayai: hakuna hata moja lililogongana na mwenzake. Kisha kiti kikaanza kumkanda mgongo, akapiga ukelele.

"Kuna mtu humu ndani ya kiti!"

"Ni mtambo, mama," muuzaji akasema. "Unaondoa uchovu."

Nakiete akacheka mpaka machozi yakamtoka. Uchovu wake ulikuwa wa miaka kumi na saba ya kubeba magunia, lakini mtambo ulijitahidi. Akajikuta analipenda gari lile, na hilo silo lililomleta.

Mlima ukaanza. Mrindoko akabonyeza kitufe, gari likajiinua lenyewe kama mama anayeinua khanga yake kuvuka kijito. Kona ya kwanza likapita. Ya pili likapita. Ya tatu likapita huku Mrindoko anaimba. Ndipo wakafika Shuka-Usukume, mahali ambapo maji ya mvua yalikuwa yamekata barabara na kuacha shimo la tope. Abiria wote wa milimani hushuka hapo wakasukuma, na ndiyo maana ya jina lake. Tairi zikajaa tope, zikazunguka bure. Injini ya kifalme ikanguruma palepale.

Fundi Senkoro akakunja mikono.

Muuzaji akafungua kitabu cha maelekezo. Mrindoko akabonyeza vitufe vyote vilivyokuwepo, kisha kwa hasira akailalia honi. Akailalia mara ya pili, ndefu. Akailalia mara ya tatu, ndefu kuliko zote.

Ninyi mnaotoka kwingine hamjui Mrindoko alikuwa amefanya nini. Upareni baragumu ikilia mara tatu, ndefu, ni msaragambo: kila nyumba itoe mtu na jembe kwa kazi ya wote. Hakuna anayeuliza ni kazi gani. Hilo huulizwa ukishafika. Na honi ya gari lile, kwa jinsi ilivyokuwa nene na ya fahari, ilisikika vilima vitatu.

Mara migomba ikatikisika. Wakatokea watu wenye majembe, wenye sururu, wenye karai. Wakatokea wengine, na wengine tena, mpaka wakafika kama sitini, na mbele yao Bibi Namkunda aliyekuwa na miaka themanini na jembe lake mwenyewe.

"Nani ameita?" Bibi akauliza.

Mrindoko akavua kofia. "Bibi, nisamehe. Nilikuwa nimekasirika tu. Sikuita mtu."

Watu wakaguna. "Tumeacha ng'ombe bila majani kwa ajili ya hasira zako?" mmoja akasema. Wakaanza kugeuka.

Nakiete akashuka na trei lake, tope likamfika magotini.

"Bibi, subirini. Mvua tatu sasa tunashuka hapa tunasukuma. Ni nani aliwahi kuita msaragambo kwa ajili ya shimo hili? Leo mmetoka na majembe mnayo. Basi ninaita mimi."

"Unajua anayeita ndiye anayelisha?" Bibi akamwuliza.

"Najua, Bibi." Akainua trei. "Ni nusu yai kwa kila mtu, na chai ya tangawizi. Tangawizi ninayo kuliko ninavyopenda."

Watu wakacheka, na aliyekwisha kucheka hawezi tena kuondoka. Wakachimba mfereji wa maji, wakasomba mawe, wakashindilia kifusi kwa nyimbo. Mrindoko, kwa aibu, alibeba mawe makubwa kuliko ya wote. Fundi akaonyesha wapi mawe yakae ili tairi zishike. Muuzaji alivua tai, akaifunga kichwani, akachimba huku anashangiliwa. Mayai yakachemshwa nyumba ya jirani, yakaliwa yote, ushahidi wa Nakiete ukaishia matumboni mwa watu.

Alasiri gari likapita Shuka-Usukume kana kwamba shimo halijawahi kuwepo. Bibi Namkunda alikaa mbele akipiga vigelegele dirishani, na wale sitini wakalifuata mbio kwa nyuma. Mzee Mbonea alikuwa uani anangoja. Akapanda, akazungushwa kilima kizima, akarudi ameng'aa uso.

"Shaka imeniisha," akasema. "Ninalinunua. Sasa nani kaniondolea?"

"Mimi," Fundi Senkoro akasema. "Nilitaja litakapokwama na sababu yake, kabla halijakwama. Huko ndiko kupima. Gari ni lilelile, mmelitengenezea barabara tu. Mzee, badilisha tairi, na pikapu unipe mimi niliyesema kweli."

"Mimi," Mrindoko akasema. "Nililikimbiza bondeni na kulipandisha mpaka hapa. Na honi aliipiga nani? Bila hasira zangu lingekuwa bado kwenye tope."

"Hasira zako zilikuwa zinawarudisha watu makwao na majembe yao," Nakiete akasema. "Na Fundi alijua litakwama, akakunja mikono. Mzee, ungelinunua likiwa limelala pale? Niliita, nikalisha, likafika. Nina magunia kumi na manne yanachipua. Lakini usinipe kwa huruma. Nipe kama nimestahili."

Ndipo Bibi Namkunda akaegemea jembe lake.

"Na sisi?" akasema. "Maneno mengi, mayai nusu nusu. Shaka ya Mbonea tumeichimba sisi. Pikapu iwe ya kijiji."

Watu sitini wakaitikia kwa kelele za furaha. Nakiete naye akacheka, maana alikuwa amekula na kuimba nao mchana kutwa, lakini moyoni alijiuliza: pikapu ya kila mtu ingeanza na magunia ya nani?

Mzee Mbonea akatoa ufunguo wa pikapu mfukoni, ule wenye kipande cha katani. Akautazama mkono wa Fundi, wenye grisi. Akautazama wa Mrindoko, wenye michubuko ya mawe. Akautazama wa Nakiete, unaonuka tangawizi, na wa Bibi ulioshika jembe.

Pale barazani tangawizi inaendelea kuchipua, kwa hiyo msikae sana mkibishana. Je, ule ufunguo ulistahili mkono wa nani?