Nta Masikioni mwa Mpiga Zeze

Hebu niambieni, wajukuu: mwizi wa wimbo anashikwa wapi? Mkono, au koo? Hamjui. Basi kaeni, na wewe mwenye makamasi sogea, sina spika mie.

Zamani zile, mawe yakiwa bado yanaitikia salamu, Chilongani alipiga zeze kwenye ngoma za mtemi. Ngoma zilipasua masikio, kwa hiyo wapigaji waliyaziba kwa nta ya nyuki. Chilongani akaziba. Akapiga, akasifiwa, akapiga, akasifiwa, na zeze lake mwenyewe hajawahi kulisikia.

Siku moja joto likayeyusha nta. Yuko chini ya jabali, anatunga wimbo wa mavuno, mara akausikia wimbo uleule ng'ambo, unamfuata nyumanyuma.

"Ndahani!" Huyo ni jirani yake, naye mpiga zeze. "Nilijua tu! Juzi kanisalimia huku anacheka. Anacheka nini?"

Mbio barazani kushtaki wizi, kidole kikionyesha nyumba ya Ndahani. Wazee wakatikisa vichwa: "Tumesikia. Ndahani ahame kesho." Kumuuliza Ndahani mwenyewe? Thubutu! Fasta fasta, kama intavyuu zenu za siku hizi: hujakaa kitini, kazi ina mwenyewe.

Chilongani akarudi jabalini kumnasa mwizi, mkewe Sechelela nyuma. Akapiga, akategea sikio.

"Umesikia? Pale katikati anakokota uta wa zeze kama mgonjwa. Hata kuiba hajui!"

"Baba Chidosa," mkewe akasema, "mbona mwizi wako anaiba mpaka kikohozi?"

Chilongani akakohoa. Jabali likakohoa.

Akapiga tena, polepole, jicho kwenye mkono wake. Pale katikati, uta ukakokota. Lo! Miaka yote anakokota, na watu wanasifu! Akarekebisha, akasikiliza, akarekebisha, akasikiliza, mpaka jabali likamrudishia wimbo ulionyooka.

Mbio barazani tena. "Wazee wangu, nimemsingizia mtu! Ile ilikuwa sauti yangu!"

"Tumesikia," wakasema. "Ndahani ahame."

Akashuku. Akachungulia sikio la mzee wa kwanza: nta. La wa pili: nta. Waliiga wapigaji, ati kelele za raia zisiwachoshe.

Ndahani akafunga mzigo, zeze mgongoni, akaenda.

Uzi wa kisa umekatikia hapo. Nyinyi watoto, chukueni hili: jisikilize kwanza, ndipo umwite mwenzio mwizi. Na nyinyi wazee mlioko barazani hapo, mnaojifanya mmesinzia, lenu ni hili: toeni nta, mkamrudishe Ndahani!