Mkoromo Nyuma ya Pazia

Maradhi si homa na kikohozi peke yake. Yako maradhi yasiyopimwa kwa kipimajoto: aibu, woga, na lile jambo dogo ambalo mtu angelisema kwa neno moja akapona, lakini hulimeza kila siku mpaka linamwotea mizizi tumboni. Wahenga walipoonya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, waliwasema na watu wa namna hii. Dereva wa hadithi hii alikuwa mmoja wao. Maradhi yake yalikuwa kukosa usingizi.

Nyumbani hakuwa na shida. Alilala kimya kama jiwe, hata mkewe, walipokuwa wachanga katika ndoa, alikuwa akishtuka na kumwekea kiganja puani ahakikishe kama anapumua. "Wewe siku ukifa usingizini, nitajua chai ikishapoa," alizoea kumtania. Shida ilianza alipopata kazi katika lori la masafa marefu.

Kazi yenyewe alitafutiwa na shemeji yake, kaka mkubwa wa mkewe, dereva mkongwe ambaye mwenzake alikuwa amestaafu. Lori lao lilikuwa la kwenda bila kulala njiani. Mmoja akishika usukani, mwingine hulala kwenye kitanda chembamba nyuma ya viti, kisha wanapokezana. Shemeji alimpeleka mwenyewe kwa mwenye malori, mama wa maneno machache, akasema, "Huyu namjibia mimi."

Yule mama alimtazama toka juu hadi chini. "Gari likitembea, unalala?"

"Nalala, mama."

Hakuwa anadanganya, maana hakuwa amewahi kujaribu.

Shemeji alimfundisha kulala kama watu wengine wanavyofundishwa kuendesha. Pazia livutwe hadi mwisho. Pamba masikioni. Simu izimwe. Kahawa ikome mapema, na tumbo lisiwe tupu wala lisijae. Mikanda ya kitandani ifungwe kabla gurudumu halijazunguka, "kwa sababu breki ya ghafla haina undugu." Mwisho akampa sheria aliyosema ni mama wa sheria zote: anayeamka hakabidhiwi usukani mpaka aulizwe kama amelala, na ajibu ukweli.

"Ukisema hukulala, tunaegesha," shemeji alimwambia. "Sitakuuliza kwa nini. Hakuna mzigo wenye thamani ya shingo ya mtu."

Akayafuata yote kwa utiifu. Usingizi haukuja. Lori lilipopunguza mwendo, moyo ulimruka. Lilipokata kona, mguu wake wa kulia ulisukuma ukuta wa kitanda ukitafuta breki. Macho aliyafumba, lakini kichwani alikuwa anaendesha. Njia nzima aliiendesha yeye, zamu yake na zamu ya mwenzake.

Angesema. Tatizo ni kwamba katika safari ya kwanza shemeji alimsimulia habari za kijana mmoja aliyewahi kufanya naye kazi. "Hakuwa analala nyuma yangu, shem. Nikajua haniamini. Mtu akikuamini, atalala." Maneno hayo yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Amwambieje mtu aliyemjibia kwa bosi kwamba hawezi kufumba macho nyuma yake? Tena pale yadi kulikuwa na magari madogo ya kusambaza mizigo mjini, na madereva wa masafa waliyaita magari ya wastaafu. Aliushiriki mwenyewe mzaha huo. Hakutaka kuwa yeye wa kuchekwa.

Basi siku moja shemeji aliita kwa sauti ya chini kutoka kwenye usukani, "Shem, umelala?" Badala ya kujibu, akakoroma.

Mkoromo wa kwanza ulikuwa wa haya tu. Akasikia shemeji akicheka peke yake na kupunguza redio. Lori likaanza kwenda taratibu kwenye mashimo, kana kwamba nyuma kuna mtoto mchanga. Wema ule ulimfunga mikono na miguu. Kuanzia hapo akawa anakoroma kila safari, na kadiri siku zilivyokwenda akaufanyia ufundi, akatia na mluzi mwishoni. Jina likafuata. Madereva wakamwita Pono, kwa yule samaki anayesifiwa kwa usingizi.

"Pono kafika," walimpokea yadi. "Tuazime mkoromo tuwashe gari, betri imekufa."

Pono alicheka nao. Macho yake yalikuwa mekundu kama pilipili mbivu.

Mkewe hakucheka. Alimwona akisinzia na tonge mkononi. Alimwona akiweka funguo ndani ya sufuria ya maji na kuzitafuta nyumba nzima.

"Baba watoto, huko njiani hulali."

"Nalala."

"Usinifanye mtoto. Kama kitanda kile kinakushinda, sema, uhamie kwenye magari ya mjini. Kaka yangu hatakumeza."

"Si umpigie umuulize?"

Akampigia palepale, sauti ikasikika chumba kizima. "Mumeo?" kaka mtu alicheka. "Huyo analala kuliko mimi. Hata bomu halimwamshi. Wewe mpe chakula, dada, mengine niachie." Mke akatua mzigo moyoni, maana kaka yake hakuwa mtu wa kusema uongo. Na kweli hakusema uongo. Alisema alichosikia.

Siku yenyewe walikuwa wamebeba saruji. Walisimama kupokezana kwenye kituo cha mafuta, jua la mchana likichoma lami. Pono alishuka kitandani akashika mlango mpaka ardhi ilipotulia.

"Umelala, shem?" shemeji aliuliza.

"Nimelala."

Shemeji hakumwachia funguo mara moja. "Mbona macho yako yanatisha?"

"Vumbi tu."

"Tukae hapa sote tujinyooshe kidogo. Saruji haiozi."

Mlango wa kusema ukweli ulikuwa wazi, wa kupita bila hata kuinama. Pono aliutazama. Akawaza vicheko vya yadi, akawaza ile "namjibia mimi". Akanyoosha mkono. "Lete funguo, mzee. Nenda kalale, umechoka wewe."

Shemeji akatabasamu, akapanda, akafunga mikanda yake, akavuta pazia. Muda si mrefu akawa amelala. Huyo hakuhitaji kuigiza. Alimwamini mwenzake.

Barabara ilikuwa imenyooka kama rula. Pono alifungua dirisha, akajipiga makofi, akauma ulimi. Lami ikaanza kumetameta na kuyeyuka mbele yake. Usingizi aliokuwa akiudai kwa miezi ulikuja wote kwa pamoja, mtamu, bila kubisha hodi. Alipofumbua macho, nguzo ya zege ya daraja ilikuwa mbele ya kioo. Akavuta usukani kwa nguvu zake zote, na lori likaipiga nguzo kwa ubavu, upande wa kitanda.

Yeye alitoka na jeraha la paji la uso.

Hospitalini, shemeji alikuwa amelazwa akipumua kwa kuhesabu, kifua kimefungwa bandeji. Mke wa Pono alikaa ubavuni akimpangusa kaka yake jasho. Pono alisimama miguuni pa kitanda. Askari wa barabarani, mtu mzima mwenye sauti ya upole, aliinama na kuuliza kama dereva alikuwa amepumzika kabla ya kushika usukani.

"Msimsumbue shemeji yangu," mgonjwa alisema. Kila neno lilimgharimu. "Alilala zamu yangu yote. Nilimsikia kwa masikio yangu, anakoroma njia nzima. Mnajua tunamwitaje? Pono." Akajaribu kucheka, akashindwa. "Itakuwa tairi. Tazameni tairi. Huyu namjibia mimi."

Kitambaa kilisimama kwenye paji la uso la mgonjwa. Mke aliinua macho taratibu, akamtazama mumewe, na Pono akaona anavyoelewa, hatua kwa hatua, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Kabla jua halijazama, shemeji akakata roho, akiamini ni tairi.

Walipotoka wodini na kuingia ujiani, mkewe alimfuata mpaka ukutani. Hakupaza sauti.

"Miaka yote nimelala ubavuni pako. Nimekuwekea kiganja puani nikidhani umekufa. Wewe hukoromi."

Pono akatazama sakafu.

"Kaka yangu alikuwa anasikia nini?"

"Nilikuwa naona aibu," alisema.

"Aibu." Alilirudia neno kama mtu anayeonja kitu kilichooza. "Askari yuko pale mlangoni. Nenda ukamwambie kwa mdomo wako. Usipokwenda wewe, nakwenda mimi, na mama yangu atasikia kutoka kwangu."

Pono akaenda. Askari akafungua kalamu, akangoja.

"Sikulala," Pono alisema.

Ni hilo tu. Neno lililomkaa kooni miezi yote lilimtoka kirahisi, kama mtu anayetema kokwa. Pale kwenye kituo cha mafuta lingeokoa maisha ya mtu. Ujiani lilifaa kuandikwa tu.

Mwenye malori alipopata habari alitikisa kichwa. "Gari la mjini lilikuwa halina dereva tangu mvua zilizopita," alisema. "Angeniambia tu."

Siku hizi Pono halali hata kwenye kitanda kisichotembea. Mkewe amempa mgongo, na kiganja chake hakiji tena puani pa mumewe. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hakuna aliyesema ni lazima kiwe kifo chake mwenyewe.