Ndoo Mlangoni mwa Choo cha Wasichana

Kama una mtoto wa shule, soma hii hadi mwisho ndipo uipeleke kwenye kundi la wazazi. Ni fupi, chai haitapoa.

Palikuwa na mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi, huko milimani kwenye mvua nyingi, aliyejivunia kitu kimoja: shuleni kwake watoto walikuwa na sauti. Kila neno la mtoto lilikuwa na njia yake ya kupanda. Mtoto alimwambia kiranja, kiranja alimwambia kiranja mkuu, kiranja mkuu alimwambia mwalimu wa zamu, na mwalimu wa zamu alilifikisha ofisini. Wageni walipokuja, walielezwa njia hiyo kabla ya kuonyeshwa madarasa.

Mwaka huo kiranja wa usafi alikuwa Tumpale, msichana wa darasa la sita. Asubuhi moja, akideki choo cha wasichana, aliona ufa umepita katikati ya sakafu ya zege. Alipokanyaga karibu nao, sakafu ikacheza. Kilikuwa choo cha shimo refu. Waliolichimba walipandia ngazi kutoka.

Alirudi darasani lakini hakuweza kutulia. Mwalimu alimgombeza kwa kuchungulia dirishani. Hakuwa anachungulia ovyo. Alikuwa anaangalia ni nani amekwenda chooni, na kama amerudi.

Kengele ya mapumziko ilipolia alimkimbilia kiranja mkuu, kijana aliyeitwa Gwakisa.

"Sakafu ya choo chetu imepasuka," alimwambia. "Ukikanyaga inacheza. Mtu atatumbukia."

Gwakisa alisema amesikia, atalifikisha. Na kweli alilifikisha. Alikwenda kwa Madamu Sekela, mwalimu wa zamu wiki hiyo, akasimama wima, mikono nyuma, akasema choo cha wasichana hakiko vizuri sana, kama ikiwezekana kiangaliwe.

Madamu Sekela naye hakulikalia. Wakati wa chai ya walimu alimwambia mwalimu mkuu kwamba wasichana wanaomba hali ya choo chao iboreshwe.

Mwalimu mkuu alifurahi sana. Njia yake ilikuwa inafanya kazi. Kesho yake, mstarini, aliwaambia wanafunzi kwamba kilio chao kimemfikia. Kuanzia siku hiyo choo cha wasichana kitadekiwa asubuhi na mchana, kwa maji mengi, na wasichana wa darasa la tatu watawasaidia wakubwa ili kazi iende haraka. Watoto walipiga makofi kama walivyofundishwa.

Tumpale hakupiga. Walipotawanyika alimvuta Gwakisa shati.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia kuhusu choo. Kwa adabu."

"Ulimwambia mtu atatumbukia?"

"We Tumpale, nani anaongea hivyo na mwalimu? Ukitaka, nenda ukaseme mwenyewe, tuone kama utarudi na hiyo beji."

Kule chooni wasichana wa darasa la tatu walikuwa wamekwisha kufika na ndoo za maji wanazokuja nazo kila asubuhi kutoka nyumbani, zimejaa mpaka juu. Wawili walikuwa wanagombania nani aingie kwanza. Nyuma yao walisimama wengine wasio na ndoo, waliobanwa, wanakunja mguu huu na kunyoosha ule. Tumpale aliwapita wote, akasimama mlangoni na fagio lake la chelewa, akawaambia hakuna anayeingia. Waliobanwa waende vichakani.

Kelele zilimleta Madamu Sekela. Alimwamuru Tumpale awapishe watoto. Tumpale alikataa. Madamu alimuuliza kama ukiranja umempanda kichwani, akamvua beji, akamwambia apige magoti mpaka kengele ya kwanza.

Tumpale alipiga magoti. Lakini alipiga magoti palepale kwenye kizingiti, na mlango ule ulikuwa mwembamba. Hakuna aliyeweza kupita. Darasa la tatu wakaanza kucheka kwa kuficha midomo. Madamu Sekela hakujua afanye nini na mtoto anayetii adhabu namna hiyo.

Mwalimu mkuu aliyaona yale kutoka ofisini, akaja kwa hatua ndefu. Madamu Sekela alimweleza kwamba huyu mtoto anazuia agizo lake. Mwalimu mkuu alimtazama Tumpale pale chini.

"Una nini wewe?"

"Mwalimu, tanguliza ndoo ndani," alisema Tumpale. "Ikibaki, tutaingia."

Mwalimu mkuu alikasirika. Akachukua ndoo ya mtoto aliyekuwa karibu, akanyoosha mkono juu ya kichwa cha Tumpale, akaitua katikati ya sakafu kwa kishindo. Kisha akawageukia watoto ili awafundishe kitu kuhusu uvivu.

Hakumaliza sentensi. Nyuma yake kulitoka mlio kama wa bua kavu linapovunjwa gotini. Alipogeuka, ndoo haikuwepo, na sehemu ya sakafu pana kuliko mlango haikuwepo. Sauti ya kutua ilichelewa kidogo kufika.

Hakuna aliyecheka tena.

"Ile ndoo ni ya mama," alisema mtoto mmoja.

Mwalimu mkuu alimuuliza Madamu Sekela kwa nini hakumwambia. Madamu alisema alimwambia kama alivyoambiwa na Gwakisa. Gwakisa akaitwa. Mwalimu mkuu alimuuliza kama Tumpale alimwambia kwamba sakafu imepasuka. Gwakisa akakubali. Na kwamba mtu atatumbukia? Akakubali.

"Kwa nini hukusema hivyo hivyo?"

Gwakisa aliweka mikono nyuma.

"Mwalimu, mwaka jana Lugano ndiye alikuwa kiranja mkuu. Alikwambia boriti za paa la darasa la nne zimeoza. Ukamvua beji mstarini, ukasema anatia watoto hofu."

Akagusa beji kifuani.

"Ukanipa mimi."

Mwalimu mkuu alinyoosha mkono kwa Madamu Sekela, akachukua beji ya Tumpale, akamwambia ainuke. Alisema choo kifungwe sasa hivi, wasichana watumie choo cha walimu. Mwalimu mmoja aliyesogea kutazama akaguna, mwalimu mkuu hakumjali. Akampa Tumpale beji yake.

Tumpale hakuivaa. Aliitia mfukoni, akapangusa vumbi magotini.

"Na paa je, mwalimu?"

Wote waligeuka kutazama darasa la nne. Kengele ya kwanza ilikuwa imekwisha kulia. Ndani watoto walikuwa wanaimba jedwali la kuzidisha. Mwalimu mkuu alianza kutembea, halafu akakimbia, akasukuma mlango, akawaambia waache madaftari watoke nje.

Funzo: Ukimwadhibu anayekuletea habari mbaya, habari mbaya haziishi, zinaacha tu kukufikia. Na hili si la walimu peke yao, hata sisi wenye watoto nyumbani.