Kofi la Mazishini

Mwanamke ambaye bado atazaa hamtukani mkunga. Wahenga hawakutuachia onyo hilo kwa mapenzi ya wakunga. Walijua kwamba uchungu hauna miadi, na kwamba kinywa kilichotukana asubuhi kinaweza kupiga yowe kabla ya jioni. Mzee Tengan, mfanyabiashara wa saruji mjini Tema, alikuja kuyajua hayo mbele ya maiti ya mama yake mzazi.

Asubuhi ya mazishi, ukoo ulikuwa umeketi uani kijijini, upande wa Jirapa, kaskazini, mbali na Tema. Mzee Tengan akaona hapo ndipo pa kumaliza neno lake na Ayuo, binti wa marehemu mdogo wake, aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja chuo kikuu kwa karo ya baba yake mkubwa huyo.

"Anthropolojia!" alisema, akilitafuna neno kama kapi la muwa. "Hebu niambie, binti yangu. Nikiipeleka shahada hiyo sokoni, nitarudi na mifuko mingapi ya saruji?"

"Baba Mkubwa, hiyo haipimwi kwa mifuko..."

"Kila kitu kina kipimo! Wenzako wanasoma uhasibu, wana magari. Wewe unazunguka kuwauliza vikongwe wanataniana vipi! Kuna mtu anakosa usingizi kwa kutojua hilo?" Watu wakacheka. "Sitoi tena hata sidi moja. Uhasibu, au ubaki hapa ukande mafuta ya shea."

Ayuo akainamisha kichwa. Machozi yalimlenga, na hasira zaidi ya machozi.

Alasiri maiti ilibebwa kuelekea kaburini, marimba zikilia. Mara Wafrafra wakajitokeza, watani wa Wadagaaba, kabila la akina Tengan, tangu enzi za mababu. Aliyewaongoza, Mzee Akolgo, akajitupa kifudifudi juu ya jeneza.

"Hazikwi mtu!" alibweka. "Bibi huyu ni mtumwa wetu. Kafa kwa ruhusa ya nani?"

Mzee Tengan alilelewa na wajomba zake huko Tema. Utani wa maneno, ule wa kugombea kichwa cha mbwa, aliujua. Utani wa kuzuia maiti hakuwahi kuuona. Damu ikamchemka. Alimkwida Akolgo, akamnyanyua, akamzaba kofi.

Marimba zikanyamaza. Wachimba kaburi wakatoka shimoni mmoja mmoja, wakaweka majembe chini. Akolgo alikung'uta kofia yake polepole.

"Kumbe sisi ni wageni hapa," alisema. Akaenda na wenzake kuketi kando ya ukuta, wakaipa maiti kisogo.

Hakuna Mdagaaba atakayezika maiti iliyogeuziwa kisogo na watani. Mawingu meusi yalikuwa yamekwisha kutanda upande wa mashariki, na kaburi lilikuwa wazi. Mzee Tengan akachomoa kitita cha noti, akakiweka miguuni pa Akolgo na kusema, "Samahani, mzee." Hakuna aliyegeuka.

"Sasa umeharibu mara mbili," Dakura, mzee wa ukoo, alimwambia.

"Basi semeni mnataka kiasi gani! Mmepanga kuninyonya nyote, si ndiyo?"

Dakura akaenda zake. Wazee waliijua dawa, lakini hawakujua namna ya kumnywesha mtu asiyejua kuwa anaumwa. Tone la kwanza la mvua likaanguka juu ya jeneza. Mzee Tengan akalifuta kwa mkono wake, kisha akageuka, akamtafuta Ayuo kwa macho.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "nimefanya nini?"

"Umemfukuza kwenye udugu, Baba Mkubwa. Anayezuia maiti ndiye anayekwambia kwamba msiba ni wake pia. Fidia na samahani anapewa mgeni. Mtani aliyekasirika hupozwa kwa jivu la jikoni, kisha hutukanwa."

"Nimpige kofi, halafu nimtukane?"

"Umtukane kwa mapenzi. Na iwe wewe, mtoto wa marehemu. Akicheka, yameisha."

"Asipocheka?"

Ayuo alisita. Hayo aliyasikia kwa wazee wa Kifrafra huko Bolgatanga. Kwa macho yake hakuwahi kuyaona. Yakishindikana, bibi yake angelala nje kwenye mvua, na lawama zote zingemwangukia yeye.

"Nenda, Baba Mkubwa," alisema, akamletea jivu.

Mzee Tengan alilipokea, akaenda hadi ukutani. Akanyunyiza jivu mbele ya Akolgo.

"Akolgo!" aliita. "Nimekuzaba kofi... kwa sababu niliona nzi shavuni mwako. Kafuata mafuta ya kichwa cha mbwa ulichokula jana, mlafi wewe, bila kuniachia hata sikio!"

Ayuo akamkazia Akolgo macho mgongoni. Kisha mabega ya Akolgo yakaanza kutikisika. Akageuka, machozi ya kicheko yakimtoka.

"Mwizi wewe! Kichwa hicho si ulikiiba wewe chunguni mwangu?"

Uwanja mzima ukalipuka kwa vicheko, marimba zikadakia, na majembe yakaokotwa. Bibi akazikwa huku manyunyu yakigeuka mvua.

Walipomaliza, Akolgo alimshika Ayuo mkono. "Maiti tumeiachia bure. Sasa tunataka fidia yetu: huyu anayejua mambo. Tunamwoa! Taja bei."

Watu wote wakamgeukia Mzee Tengan. Akajifuta maji ya mvua usoni. Labda hayakuwa yote ya mvua.

"Nyinyi wala mbwa mna mali gani ya kumfikia huyu?" alisema, na sauti yake ilisikika hadi ukutani. "Asubuhi nilimuuliza bei yake mimi mwenyewe, mjinga mimi. Huyu hauzwi. Tena mwakani ana masomo, na karo natoa mimi."

Ayuo akapiga magoti kumshukuru. Mzee Tengan akamwahi, akamwinua, akabaki amemshika mkono mbele ya wote waliocheka naye asubuhi. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.