Kibuyu cha Elirehema

Usisafirie nyota ya mwenzio. Methali hii tumeachiwa na watu wa pwani, ambao zamani walisafiri baharini kwa kufuata nyota. Maana yake ni kwamba kila mtu ana bahati na kipaji chake, na anayeacha chake akashika cha jirani hupotea njia. Huenda ukadhani sisi wa mlimani, tusiojua hata ladha ya maji ya chumvi, jambo hilo halituhusu. Basi sikiliza yaliyompata Aminieli wa Umeru, mwaka ule Mwingereza alipomtawaza mfalme wake mpya na kutaka kila mtu ashangilie.

Aminieli alikuwa mkulima wa kahawa na migomba kwenye mteremko wa Mlima Meru, juu ya Kikatiti. Mbio hakufundishwa na mtu. Alizipata kwa kupanda na kushuka tangu alipojua kusimama. Mwendo wake ulikuwa na kichekesho. Alianza polepole kama mtu anayekwenda kukagua mfereji, hata watu wakamwita Kobe. Lakini njia ilipoanza kupanda, Kobe huyo aliwapita mmoja baada ya mwingine, akafika wa kwanza akiwa bado anaweza kuzungumza. Miaka nenda miaka rudi, hakuna aliyemshinda katika mbio za sikukuu ya mavuno. Siku moja jirani yake Mika, mtu mzito asiye na haraka na jambo lolote, alimwuliza siri yake. Aminieli alimjibu bila choyo, "Anza kama unakwenda shambani. Mengine mwachie mlima."

Kisha Elirehema akarudi nyumbani. Huyu alikuwa rafiki wa Aminieli tangu utoto. Walipata kipaimara siku moja, wakiwa wameketi benchi moja, na mashamba yao yalinyweshwa na mfereji mmoja. Elirehema alikuwa ameajiriwa na mlowezi mmoja kule Usa kama tarishi wa kupeleka barua Arusha kwa miguu, na kazi hiyo ilimpa miguu myepesi ajabu. Mbio za mavuno zilipofika, alichomoka tangu mwanzo. Aminieli alimkaribia mlimani hata akasikia anavyohema, ila njia ikaisha kabla hajamfikia. Kwa mara ya kwanza, Kobe akawa wa pili.

Kushindwa si kitu. Mtu hushindwa na bado akalala usingizi. Kilichomkosesha Aminieli usingizi ni mnada wa Jumapili. Baada ya ibada, sadaka za mazao zilipigwa mnada nje ya kanisa kama kawaida, na mzee wa kanisa akainua mkungu ulioletwa na Elirehema.

"Huu ni mkungu wa mshindi!" alitangaza. "Nani atakula miguu ya Elirehema?"

Watu wakacheka, wakapandisha bei. Na aliyepandisha hadi wote wakanyamaza alikuwa Susana, mke wa Aminieli.

"Mama Ruth, kwetu migomba imekauka?" Aminieli aliuliza walipofika nyumbani.

"Haijakauka, Baba Ruth. Nimetoa kwa ajili ya kanisa. Tena kumpongeza jirani si dhambi."

"Ndizi hizo sizili."

"Basi utashinda na njaa," Susana akamjibu, akaendelea kumenya.

Akashinda na njaa kweli. Wivu ulimwingia Aminieli kama mchwa kwenye nguzo ya nyumba. Akimsikia Elirehema akiimba kwaya, alisikia majivuno. Akiletewa salamu zake, alisikia dhihaka. Zamu ya maji ilipofika, alikwenda mferejini mapema ili wasikutane, naye hakuwahi kumkwepa mtu yeyote maishani mwake.

Hapo ndipo tangazo la Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kizungu, lilipofika. Siku ya kutawazwa kwa mfalme kungekuwa na mbio kutoka Kikatiti hadi Boma la Arusha, na mshindi angekwenda Moshi kushindana na Wachaga. Moshi! Wachaga walikuwa wakiwatania Wameru kwamba wanajua kukimbia mvua tu. Aminieli aliota siku ya kuwafunga midomo tangu ujana wake, na sasa mvi ya kwanza ilikuwa imekwisha kuchungulia kidevuni. Asipokwenda Moshi mwaka ule, asingekwenda tena. Na akienda Elirehema badala yake, heri asingezaliwa.

"Haiwezekani iwe ni miguu tu," alijiambia. "Kuna kitu anakitumia."

Alfajiri moja akamwona Elirehema akipita mbio kuelekea chini, kwenye tambarare. Akamfuata kwa kujificha migombani, kisha vichakani, mpaka bomani kwa Loserian, mfugaji wa Kimasai waliyezoea kubadilishana naye ndizi kwa ngozi. Akamwona Elirehema akipokea kibuyu kirefu, akinywa, akifuta mdomo na kushukuru. Kisha akageuka, akaanza kuupanda mlima kurudi nyumbani. Aminieli hakujali kumtazama akipanda. Alibaki kichakani amekikodolea macho kile kibuyu.

Elirehema alipotoweka, akajitokeza.

"Loserian, nami nipe anachokunywa mwenzangu."

"Ero, karibu," alisema Loserian, akamletea kibuyu kilekile. Aminieli akanywa. Yalikuwa maziwa mgando, basi.

"Usinifanye mtoto. Nataka dawa yenyewe."

"Dawa gani? Ni maziwa. Mtu akifika kwangu anahema, nimpe mawe?"

Aminieli akaapa kwamba hatoki pale bila dawa, hata ikimgharimu beberu. Loserian akamtazama kwa mshangao. Mwishowe, kwa kuchoshwa zaidi kuliko kwa tamaa ya beberu, akasema, "Iko supu ya gome la mti wa olkiloriti. Morani wanakunywa wakienda kupambana na simba. Inapandisha moto mwilini. Lakini mimi nakwambia, hiyo si ya safari ndefu."

"Hiyohiyo," alisema Aminieli, akijua moyoni kwamba sasa ameikamata siri ya Elirehema.

Tangu siku ile aliutupa mwendo wake kama kanzu kuukuu. Kila jioni alijizoeza kuchomoka kama Elirehema, kifua mbele, mikono juu, akirudi nyumbani amepauka.

"Kobe, mbona siku hizi umekuwa swala?" Mika alimwuliza.

"Ukobe umepitwa na wakati," akamjibu.

Siku ya mbio, Kikatiti ilijaa watu na bendera. Aminieli alikuwa ameimaliza supu yote. Macho yamewiva na moyo unamdunda. Firimbi ilipolia, Elirehema akachomoka, na Aminieli akamganda nyuma kama kivuli. Watu waliomjua wakashika vichwa. Kobe mbele? Susana, aliyekuwa amesimama kando ya barabara, aliita, "Baba Ruth, taratibu!" Aminieli aliyasikia maneno hayo kama kelele za mtu anayemtakia Elirehema ushindi, akazidi kukaza mwendo.

Elirehema aligeuka, akamwona, akashtuka. Akaongeza mwendo. Aminieli naye akaongeza. Wakapita Usa namna hiyo, mmoja akigeuka na mwingine akimganda, vumbi likiwaficha wenzao waliobaki nyuma kabisa. Aminieli alikuwa na furaha chungu. Hakuwa akiitazama barabara wala kusikiliza pumzi zake. Alikuwa akitazama kisogo cha mtu mmoja tu.

Walipovuka mto Tengeru, njia ikaanza kupanda. Njia inapopanda ndipo miaka yote Kobe huamka. Safari hii miguu ilikataa. Moto wa gome ulikuwa umezimika. Akajikokota kidogo, kisha akaketi kando ya barabara, huku kisogo cha Elirehema kikipotea mbele. Machozi yakamtoka waziwazi.

Wakimbiaji wakampita. Baada yao akaja Mika, polepole, uso mtulivu.

"Kobe! Umeumia?"

"Nenda tu."

"Lakini huu mlima ni wako!" alisema Mika kwa masikitiko, akaendelea kupanda.

Aminieli alipopata nguvu, akainuka kwenda kwa miguu, maana aibu ya kurudi ilizidi aibu ya kufika. Mbele ya mto Nduruma akamkuta Elirehema ameketi juu ya jiwe, amejishika mbavu, midomo imekauka.

"Wewe tena?" alisema Elirehema, akajaribu kucheka. "Umeniua, ndugu yangu."

"Nimekuuaje, nami nimeanguka kabla yako?"

"Siku ya mavuno ulihema kisogoni mwangu. Njia ingekuwa ndefu kidogo tu, ungenipita. Tangu hapo sikulala. Kila alfajiri nilishuka hadi kwa Loserian ili nipate kuupanda mlima wote, maana kwenye mlima siwezi kitu mbele yako. Leo nageuka, nakuona uko nyuma yangu tangu Kikatiti! Nikasema nimekwisha. Nikakimbia kama mwizi anayefukuzwa."

Aminieli akauliza kwa sauti ndogo, "Na kibuyu?"

"Kibuyu gani?"

"Basi. Si kitu."

Wakaenda pamoja hadi Arusha, wakisaidiana kama wagonjwa. Mbele ya Boma waliwakuta watu wamemzunguka Mika, aliyevishwa blanketi jipya, jasho likimtiririka na meno yote nje. Alipomwona Aminieli, alipasua umati akaja kumkumbatia.

"Nimefanya kama ulivyonifundisha!" alipaza sauti kila mtu asikie. "Nimeanza kama naenda shambani. Baada ya Tengeru nikawapita mmoja mmoja mpaka wakaisha. Kobe, twende wote Moshi!"

Na Moshi Aminieli alifika, kama alivyoota tangu ujana, ila alifika akiwa amebeba blanketi la Mika. Alisimama kando ya njia, akamwona Mika akianza polepole huku Wachaga wakimzomea. Kisha njia ikapanda, Mika akawapita wote, na zomeo likakatika. Mzee mmoja wa Kichaga akamgeukia Aminieli.

"Mwendo gani huu? Ni wa nani?"

Aminieli alitaka kusema ni wangu. Lakini mtu hawezi kudai alichokitupa mwenyewe. Akalikumbatia lile blanketi, akainamisha kichwa, akaujua ukweli ambao watu wa pwani walikuwa wameusema zamani: usisafirie nyota ya mwenzio.