Moshi Usioonekana Vilimani

Paukwa!

— Pakawa!

Aa, mmeitikia kivivu. Paukwa!

— Pakawa!

Haya, sogeeni. Hapo zamani za kale ukame uliipiga nchi ya wanyama mpaka likabaki bwawa moja tu. Chui akavizia hapo. Fisi akavizia hapo. Tembo akaoga hapo mpaka maji yakawa tope. Swala akaona yamemfika shingoni. Akawaita wote mkutanoni, akalia mbele yao: "Jamani, mwanangu Mashavu ana kiu, na kila tukienda kunywa tunarudi pungufu!"

Wakamwonea huruma, wakapatana. Wenye meno wasiwinde bwawani. Wenye miili mikubwa wasioge bwawani. Wanaokula majani wasile matete ya ukingoni, maana ndiyo yanayolitia bwawa kivuli. Wakashangilia, wakacheza ngoma mpaka vumbi likatimka.

Ila ngoma peke yake haikumfunga mtu. Desturi yao ilikuwa kila mmoja abebe kaa la moto kigaeni kutoka mkutanoni, aende kuwasha moto kilimani kwake mbele ya watu wake. Ukiuona moshi wake, basi ahadi imemshika. Usipouona, bado yuko huru.

Kulipokucha, ndege Hondohondo akaruka kwenda kutazama moshi. Lo! Vilima vitupu!

Akatua kwa Tembo. "Mzee Tembo, moshi uko wapi?"

"Kaa ninalo, nitawasha. Lakini wake zangu wamezoea kuoga. Nikiwaambia leo, nitalala nje. Ngoja niwazoeze kwanza."

Akatua kwa Fisi. "Bwana Fisi, moshi uko wapi?"

"Kaa ninalo, nitawasha. Lakini nifunge mdomo wangu wakati wa Chui uko wazi? Mimi mjinga? Awashe yeye kwanza."

Akatua kwa Chui. "Bwana Chui, moshi uko wapi?"

"Kaa ninalo, nitawasha. Lakini awashe Fisi kwanza." Tena akapiga miayo!

Mnasikia hayo? Hao hao waliopiga vigelegele jana! Mimi kila nikiisimulia hii, mwili unanisisimka.

Kwa Swala, Hondohondo hakufika wala hakutazama. Akatafute nini, na Swala ndiye aliyelia mkutanoni?

Jua lilipofika utosini, ukasikika ukelele bwawani. Wote wakakimbilia huko. Yalaa! Mashavu yuko chini ya kucha za Chui, anahema, matete bado mdomoni. Mama yake anajigaragaza kando.

"Chui, tuliahidiana! Tuliahidiana mbele ya wote!"

"Umeuona moshi wangu?"

"Sijauona. Lakini ngoma ulicheza!"

"Kucheza nilicheza." Chui akainua macho, akatazama mbali. "Na wako uko wapi, mama Mashavu?"

Wote wakageuka. Kilima cha Swala kilikuwa kitupu. Hata uzi wa moshi hakuna! Hondohondo akabaki mdomo wazi. Tembo mkonga ukamning'inia. Hata Fisi, Fisi yule, hakucheka.

"Swala," Hondohondo akasema, "hata wewe?"

Swala akasema: "Kaa ninalo, nitawasha. Lakini nyasi zote zimekauka, na matete yalikuwa mabichi. Nilisema mwanangu ashibe leo tu, kesho tujifunge."

Nani angemlaumu, na kila mmoja anajua kaa lake liko wapi?

"Bwana Chui, nakuomba, usimguse! Nakwenda kuwasha sasa hivi!"

Akakimbia, akapanda kilima, akalifukua kaa kigaeni. Akapuliza. Akapuliza. Akapuliza. Likapeperuka jivu, likamwingia machoni. Kaa lilikuwa limezimika tangu asubuhi, wakati yeye na mwanawe wakila matete.

Na kule bwawani kukawa kimya.

Hadithi yangu imekomea hapo, kwenye jivu. Habari za Mashavu msiniulize.